Mtunza Siri Wangu

Wengine wamewasifu wafalme na maharusi. Mimi naomba zamu yangu niisifu kadi ya waifai iliyomo ndani ya kompyuta yangu ya mtumba. Tangu niifute Windows na kuweka Linux, kadi hii haijanasa mtandao wowote, hata ule wa baa ya jirani usiodai nenosiri.

Fadhila zake ni nyingi. Inaokoa bando, inaniepusha na matapeli wa mtandaoni, inanilaza mapema. Lakini hizo ni ndogo mbele ya fadhila kuu: kutunza siri.

Sote tumefundishwa kwamba mtu mwenye haya hatoi nje mambo ya ndani. Kadi yangu imeshika malezi. Niliihoji kwa amri ya lspci, ikanitajia kampuni iliyoizaa na namba ya modeli, ikanyamaza kama mshitakiwa anayemsubiri wakili. Nikapekua dmesg, daftari ambamo Linux huandika kila kinachojiri inapowaka: draiva inayoiendesha kadi ipo, kadi imetambuliwa, faili la femwea halionekani. Femwea ni ile programu ndogo ambayo kadi hupakiwa kila inapoamshwa. Bila hiyo ni kibao cha plastiki. Mwenye nayo ni mtengenezaji, na leseni yake hairuhusu kila mtu kuigawa. Basi uifuate kwenye intaneti. Intaneti iko kwa kadi. Kadi inasubiri femwea. Hebu nionyesheni binadamu aliyejifungia na siri namna hiyo! Nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikaipakua. Kumbe kadi ilikuwa inataka toleo jingine.

Wapo wasio na staha kama mimi. Watu walichimbua draiva za kampuni ya Broadcom kujua chipu zake zinaficha nini, na mwaka 2006 draiva yao ikaingia kwenye kerneli, kiini cha Linux. Hata hapo femwea ilibidi ikatwe kutoka ndani ya draiva ya kampuni. Broadcom wenyewe walitoa draiva ya wazi mwaka 2010, kwa chipu zao mpya. Naye Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, alipoulizwa kuhusu Nvidia, kampuni nyingine ya chipu, katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, mwaka 2012, alisahau kabisa fani ya kusifu: aliigeukia kamera akainua kidole cha kati.

Mimi nilichukua bisibisi. Fundi alinishauri, "Bosi, rudisha Windows tu," nikamshukuru. Nikafungua kifuniko cha chini, nikabandua nyaya mbili za antena, mweusi na mweupe, nyembamba kama tambi, nikaitoa kadi na kuweka nyingine kutoka kompyuta iliyokufa, ambayo Linux inaijua vizuri. Nikawasha. Hata Linux haijafikiwa, kioo kikaandika kwamba imechomekwa kadi ya mtandao isiyoidhinishwa, zima, itoe.

Isiyoidhinishwa na nani? Mashine nimelipia, kadi nimelipia, bisibisi yangu, umeme wangu! Kumbe ndani ya BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, kuna orodha ya kadi zinazokubalika, na aliyeiandika ni mtengenezaji wa kompyuta. Ukiwauliza, wanasingizia vibali vya mawimbi ya redio vya Marekani, eti kadi na antena zilipimwa pamoja. Sawa. Ila orodha hiyo haikuandikwa kwenye boksi wala kwenye tangazo. Unauziwa nyumba, halafu muuzaji ndiye anayeamua ulale na nani.

Naiomba radhi kadi yangu. Yeye ni mtumishi tu. Siri ni za mabosi.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Walijibu haraka, kwa heshima kubwa, "Mpendwa mteja": mfumo wako hatuuhudumii, ila tafadhali pakua programu yetu ya uchunguzi ili tukusaidie. Niliipakua kwa simu. Inafunguka kwenye Windows tu.