Msaada Nisiouomba

Kijana amekaa kwenye benchi la steshenari yangu tangu saa tatu, anasubiri CV yake. Printa mpya haijaelewana na laptopu yangu kuukuu ya Linux, yenye RAM ya GB 2 na eneo-kazi jepesi la Xfce. Nikajisemea, jambo dogo hili: nashusha kiprogramu cha kupangia printa, yameisha.

Terminali ikanitolea orodha. Vifurushi 61! Mna maktaba ya sauti, kamusi ya kukagua tahajia, aikoni za kila saizi na picha za ukutani. Za ukutani, kwa ajili ya printa! Bando limebaki MB 180, orodha inataka 214.

"Bosi, bado?"

"Subiri kidogo, kijana."

Nikakumbuka kwamba tangu Debian 5.0 ya mwaka 2009, apt, chombo chake cha kusakinisha programu, hubeba hata vifurushi vinavyopendekezwa tu. Nikaandika tena agizo na kuongeza --no-install-recommends. 61 vikashuka hadi 23. Ila maktaba kubwa ya GNOME, eneo-kazi jingine, ikang'ang'ania palepale, na mimi GNOME sina wala sijawahi kuwa nayo.

Hasira zikanipanda, nikashusha msimbo wenyewe, KB chache tu. Python, unasomeka. Maktaba yote ile inaitwa mara moja: kufungua ukurasa wa Msaada. Nani amewahi kubofya Msaada? Na kazi hiyo xdg-open inaiweza, kaskripti kanakoangalia una eneo-kazi gani kisha kanafungua kivinjari chako. GTK, maktaba nyingine iliyomo orodhani, naisamehe. Ilizaliwa kwa ajili ya GIMP, programu ya picha, lakini walau vitufe inavichora yenyewe. Huyu wa GNOME amekuja kufungua mlango mmoja, tena na makabati yake.

"Bosi, dirisha la maombi linafungwa saa sita."

Kumbe CUPS, mtambo wenyewe wa kuchapishia, una ukurasa wake wa mipangilio. Nikaandika localhost:631 kwenye kivinjari, nikaongeza printa, sikushusha hata baiti moja.

CV ikaanza kutoka. Kurasa 14. Cheti cha chekechea, cheti cha kipaimara, kadi ya kliniki ya utotoni.

"Kijana, hii kadi ya kliniki ya nini?"

"Huenda wakaihitaji, bosi."