Spika Zilizotoboa Siri

Mume wangu alileta spika mbili ndefu na amplifaya nzito ya mtumba kutoka Kariakoo, akatangaza kwamba sabufa yetu imestaafu. Mama mkwe, ambaye ndiye hasa aliyekuwa akiipigisha kazi, hakujibu kitu. Aliendelea kuchambua mchele.

Meza ya televisheni ikahamishiwa koridoni. Nikakalishwa kwenye kochi, katikati kabisa, nisubiri maajabu. Flashi ikachomekwa: zilipendwa za Mbaraka Mwinshehe, zile zile tunazozicheza kila sherehe. Gitaa likatoka limebanwa pua, saksafoni inakwaruza masikio, na nyuma ya vyote unavuma upepo usiokwisha.

Zikaanza lawama. Kwanza waya, tukanunua waya mwingine. Kisha umeme. Kisha mapazia yangu, yakashushwa, mwangwi ukazidi, yakarudishwa. Spika zilipotolewa kwenye kona besi iliacha kuunguruma, kwa kuwa kuta za kona huikuza. Hapo alipatia. Saksafoni lakini iliendelea kutukwaruza.

Jumamosi akaja shemeji yangu, anayerekodi bendi studio. Kabla pilau halijapakuliwa aliifungua flashi kwenye kompyuta, akacheka.

"Kaka, nyimbo zako ni za kilobiti 128 kwa sekunde. CD inabeba 1,411. Ili faili iwe nyepesi, programu imetupa sauti ilizodhani sikio halitazitafuta. Na hizi hata kabla ya hapo zilikuwa kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine. Sabufa ilikuwa inakusitiri: inapiga besi, sauti za juu haizifikii vizuri. Hizi spika zako hazina siri."

"Kwa hiyo za zamani hazifai?"

"Nani kasema? Radio Tanzania ilirekodi bendi ikipiga kwa pamoja studio, na mkanda wenyewe ulikuwa safi. Kosa si umri, ni nakala juu ya nakala. Ila hata rekodi halisi ina mpaka. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Sauti za juu ambazo santuri haikuzinasa siku ile, hakuna spika ya bei yoyote itakayozirudisha."

Akatoa CD mkobani: *Songs for the Poor Man* ya Remmy Ongala na Super Matimila, ya mwaka 1989, iliyorekodiwa studio za Real World, Uingereza. Magitaa yakaachana, kila moja na mahali pake. Ngoma ikawa ngozi na mkono. Kisha akaicheza CD hiyo hiyo kwenye sabufa. Ilibanana kidogo, lakini ilipendeza kuliko flashi kwenye spika mpya. Hapo ubishi ukaisha: chombo kizuri hukupa yote yaliyomo kwenye rekodi, mabovu kwa mazuri, na hakiongezi lisilokuwemo.

Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. "Mimi nataka wimbo, sitaki uchunguzi. Sabufa na flashi vije jikoni kwangu. Hayo makabati yako yapigie CD."

Amri imetekelezwa. Jikoni kuna nyimbo mia tatu na vicheko. Sebuleni kuna spika zilizomeza akiba ya ada, na CD moja tu, ambayo shemeji anaitaka kabla ya Ijumaa.