Mahali Pakavu Penye Ubaridi

Katika maneno yote yaliyopigwa chapa kwa nia njema, sidhani kama yapo yaliyowahangaisha watu wa Lodwar kuliko yale yanayokutwa ubavuni mwa chupa ya dawa, nyuma ya pakiti ya biskuti na juu ya karatasi ya mishumaa: "Hifadhi mahali pakavu penye ubaridi." Aliyeyaandika, ambaye nadhani ni mtu mstaarabu anayeishi katika mji wenye ukungu, hakukusudia kejeli, alitoa nasaha tu, kama wanavyotoa nasaha wote wanaoandika juu ya mambo ya nyumbani, afya na starehe, nao aghalabu ni watu ambao mabomba yao hutoa maji baridi na ambao upepo ukivuma hufungua dirisha. Ama sisi tunaokaa kando ya mto Turkwel, katika mji ambao joto la mchana hufika nyuzi 35 na kuzidi takriban mwaka mzima, tumejaaliwa nusu ya kwanza ya maneno hayo kwa ukarimu usio kifani. Pakavu tunapo. Tunapo kiasi cha kuzigawia kaunti zote 46 zilizobakia za Kenya, na sisi tukabaki na akiba. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayotutia mbioni.

Serikali ya kikoloni haikuwa na shaka juu ya jambo hili. Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo cha Lokitaung, nayo ikawa haitaki kumwachia wala haina tena hukumu ya kumfungia, ilimleta Lodwar mwaka 1959 na kumkalisha hapa hadi 1961, na sijapata kusikia kwamba juu ya mizigo yake palibandikwa ilani yoyote ya kuhifadhiwa mahali penye ubaridi.

Mimi na mama watoto ni watu wa Lamu, tulioletwa huku na kazi ya ualimu. Mama watoto ana bahasha ya kaki ambamo, tangu siku za uchumba wetu, hutia vipande vya magazeti vyenye nasaha za unyumba: namna ya kuondoa doa la chai katika kanzu, namna ya kumlaza mtoto mkaidi, namna ya kupika keki bila ya tanuri. Bahasha hiyo ilipanda basi pamoja nasi, ikateremka salama salimini, na haukupita muda ikadhihirika kwamba ndiyo mzigo wetu pekee ulioharibika njiani bila ya kuonekana kuwa umeharibika. Nasaha ya kupaka siagi juu ya mkate kwa kisu kipana ilikufa mapema, maana siagi ya mkebe hapa humiminwa. Nasaha ya kuweka akiba ya mishumaa kabatini kwa ajili ya usiku wa kukatika umeme tuliifuata kwa uaminifu, na usiku huo ulipowadia tukaifungua kabati na kuikuta mishumaa yote imerukuu, kama maamuma waliomsahau imamu wao, wala hapana hata mmoja uliokubali kuinuka. Kisha ikaja ile ya kwamba mtu aliyezidiwa na hari na aoge maji baridi wakati wa adhuhuri. Tangi letu ni la plastiki, jeusi, nalo limekaa juu bila ya kivuli, kwa hivyo saa saba mchana bomba letu hutoa maji ambayo mtu wa Limuru angeyatia majani ya chai na sukari bila ya kuuliza swali. Mwenye kutaka kuoga baridi huku huoga alfajiri.

Lakini ile iliyokaribia kuvunja amani ya nyumba ilikuwa nasaha ya madirisha, iliyoamuru kwamba yafunguliwe wakati wa chakula cha jioni ili hewa safi ipate kuzunguka na kuleta hamu ya kula. Upepo wa Turkana si hewa safi ya kuzunguka. Ni upepo wenye shughuli zake. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Loiyangalani, wamesimamisha mitambo 365 ya kuvuna upepo huo, nayo yaweza kutoa megawati 310 za umeme, na upande wetu wa magharibi, ambako hapana aliyeusimamishia chochote, huwa na nafasi ya kuingia jikoni. Jioni ile mama watoto alikuwa amepika wali wa nazi, na nazi yenyewe ilikuwa imesafiri kutoka pwani hadi huku kwa gharama ambayo sitaitaja mbele ya watoto. Upepo ukaingia kwa dirisha la mashariki na kutoka kwa la magharibi, ukiwa umepunguza mzigo wake njiani. Tukala kimya, kila mmoja akiyasikia meno ya mwenzake.

Wakati huohuo zilikuwako nasaha nyingine, ambazo hazikupigwa chapa popote na ambazo kila jirani alitupa bure: kung'uta viatu kila asubuhi kabla ya kutia mguu, kwa kuwa nge naye hupenda kulala, kutoa kitanda nje usiku na kukifunga chandarua, kutokanyaga kwa malapa chini ya mathenge, ule mti ulioletwa kutuzuilia jangwa, ambao mwiba wake hupenya raba, nyayo na subira kwa pamoja. (Watu wa Baringo, walioletewa mti huohuo, walifika mahakamani wakiwa na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula tunda lake, akiwa ndiye kielelezo. Sijui shahidi gani mwingine angeweza kutoa ushahidi kwa ukamilifu kama ule bila ya kufungua kinywa zaidi ya mara moja.)

Mambo yalikuwa yamefika hapo Ami yangu alipokuja kututembelea. Ami ni mtu wa makamo yaliyokwisha kupita, mwenye haya nyingi na kofia ya vito, na safari ya basi kutoka Kitale, ambayo ni mwendo wa kilomita kama mia tatu, ilikuwa imemwamshia maradhi ya bawasiri. Alikuja na dawa yake katika kisanduku cha karatasi, nayo ilikuwa ya aina ile iingizwayo kwa njia ambayo adabu inanikataza kuitaja. Dawa hizo hutengenezwa kwa mafuta yaliyopimwa kwa hekima ili yabaki magumu nje ya mwili na kuyeyuka mara tu yapatapo joto la mwili, ambalo ni nyuzi 37. Fundi aliyeibuni hakufikiri kwamba iko miji ambamo hewa yenyewe, ikifika saa nane mchana, huwa na joto hilohilo, hata dawa isiweze kutambua kama imekwisha kuingia au ingali nje.

Ubavuni mwa kisanduku, kwa herufi ndogo, yalikuwapo yale maneno.

Tukaketi shauri. Chini ya kitanda palikuwa pakavu, na pana joto. Ndani ya pipa la unga palikuwa pakavu, na mama watoto akasema kwamba maadamu yeye yu hai dawa ile haitaingia katika unga wake. Ndani ya mtungi wa maji palikuwa na ubaridi wa kuridhisha, lakini kisanduku kilikuwa cha karatasi, na penye maji si pakavu hata mwanasheria akisimama kutetea. Ami, ambaye haya zilikuwa zimemgeuza uso kuelekea ukutani wakati wote wa majadiliano, akasema kwa sauti ndogo, "Wanangu, msijisumbue, nitasubiri hata nirudi Lamu." Nasi tulikuwa tumemwomba akae mwezi mzima.

Mtu asidhani kwamba kuutafuta ubaridi Turkana ni ujinga wa watu wa Lamu peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wanorwei, kaumu inayojua baridi kuliko kaumu nyingi, walijenga Kalokol, karibu na ziwa, kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki, ili mbuta na ngege wa Ziwa Turkana wapate kufika sokoni wakiwa barafu. Kumbe kugandisha samaki jangwani kunataka umeme usiokatika na maji safi kwa wingi, na vyote viwili vilikuwa ghali kuliko samaki mwenyewe. Mitambo ikanyamaza baada ya muda mfupi, Ghuba ya Ferguson nayo ikakauka, na lile jengo la fahari likaishia kuwa ghala la samaki waliokaushwa juani, kama walivyokuwa wakikaushwa siku zote bila ya gharama. Hapo ndipo mahali pakavu palipoweka historia. Ubaridi haukutokea.

Nikaamua kwenda Kakuma kutafuta friji iliyotumika, kwa sababu nilisikia kwamba katika maduka ya kambini hakikosekani kitu. Na kweli hakikosekani. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na tangu hapo imepokea Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengineo, hata imekuwa mji wenye masoko yake, mikahawa yake na vinyozi wake, na jirani yake Kalobeyei, ulioanza 2016, nao unakwenda njia hiyohiyo. Ni mwendo wa kilomita kama 120 kutoka Lodwar, nami nilisafiri ndani ya gari lililojaa hata dereva mwenyewe alikuwa ameketi nusu, na katika gari hilo, kwa kuwa nilikosa busara ya kunyamaza nilipoulizwa ninafuata nini, tatizo la Ami likawa mali ya umma. Mama mmoja Mkongo akasema, kwa Kiswahili chake kitamu, kwamba kwao mgonjwa kama huyo hukalishwa juu ya beseni la maji yenye chumvi. Kijana mmoja akatetea papai. Mzee aliyekuwa nyuma, akiwa ameshika ekicholong lake, kile kigoda kidogo ambacho Waturkana hukikalia mchana na kulalia kichwa, akataka kujua tu mgonjwa alikalia nini safarini, na alipoambiwa kuwa ni kiti cha basi akaangalia nje ya dirisha kama mtu aliyekwisha kutoa hukumu.

Mwenye duka la friji alikuwa Msomali mwenye ndevu nyekundu za hina, mtu mwaminifu kupita mahitaji ya biashara. Aliniuliza umeme kwetu hukaa kwa saa ngapi, na chumba changu kina madirisha mangapi, kisha akanifahamisha, huku mkono wake umelalia friji aliyopaswa kuniuzia, kwamba chombo hiki hakiumbi baridi. Hutoa joto tumboni mwake na kulimwaga mgongoni, na katika chumba kilichokwisha kuwa moto kitafanya kazi mchana kutwa bila ya kupumzika, dawa itapata baridi na wewe na familia yako mtahamia uani. Akanipeleka kwa mama Mhabeshi wa mkahawa wa jirani, akaninunulia kahawa iliyotokota, na fukizo la ubani likatuzunguka, na huyo mama akaapa kwamba kinywaji cha moto wakati wa adhuhuri humtoa mtu jasho, na jasho likikauka ndilo baridi lenyewe. Nilikunywa kwa heshima tu, lakini kabla sijamaliza kikombe kanzu ilikuwa imelowa na upepo wa mlangoni ukawa mtamu. Nikarudi Lodwar bila ya friji, nikiwa na dera la mama watoto ili safari isiwe na lawama, na kwa kuwa mto Tarach ulikuwa umeteremka ghafla chini ya mbingu isiyo na wingu hata moja, kwa mvua iliyonyesha mbali huko vilimani upande wa mpaka wa Uganda, nilipata wasaa mrefu wa ukingoni kuyatafakari maneno ya yule mama.

Nilipofika nyumbani nilikuta shauri limekwisha kukatwa. Jirani yetu, mama wa Kiturkana anayesuka vikapu vya mkoma kivulini pa ukuta wetu, alikuwa ameyasikia yote kwa muda wote huo, na alipochoka kusikiliza akasema, "Hiyo dawa inataka baridi? Kwani mtungi iko na kazi gani?" Akaagiza chupa ya jemu yenye kifuniko cha kukaza, dawa ikatiwa humo, chupa ikatelezeshwa ndani ya mtungi, na mtungi ukafungwa gunia bichi na kuwekwa mlangoni, palepale upepo ulipokuwa ukitutesa. Udongo hutoa jasho, na hewa kavu hulinywa kwa pupa na kuondoka na joto lake. Kwetu Lamu hewa imekwisha kushiba maji, na mtungi hutoa jasho kwa uvivu. Hapa, kumbe, ukavu wote ule niliokuwa nikiulalamikia ndio uliokuwa ukizaa ubaridi, na yule mstaarabu wa mji wenye ukungu alikuwa ameziandika nusu mbili za maneno yake kwa mpangilio sahihi kabisa. Dawa ikawa ngumu kama kalamu. Ami akapata nafuu, akaanza hata kutania.

Lililobaki ni kwamba hapana mtu wa nyumba ile aliyekubali tena kunywa maji ya mtungi. Chupa ilikuwa imekazwa barabara, nilionyesha hivyo mara nyingi, nikaigeuza juu chini mbele ya watoto. Wakanisikiliza kwa adabu na kwenda kunywa maji ya bomba, yaliyo moto. Basi siku yule Msomali wa Kakuma alipopita Lodwar akielekea Kitale kwa basi, akaja kunijulia hali, hapakuwa na maji ya kumkaribisha mgeni ila hayo, na Ami, kwa mkono wake mwenyewe, akamchotea kata. Mgeni akanywa, akafumba macho, akasema kwamba tangu aingie nchi hii hajakunywa maji baridi namna ile, na hata friji zake zote hazifikii kiwango hicho.

"Mmeyatia nini?" akauliza.

Mama watoto akaingia ndani kwa haraka.

"Dawa," akasema Ami kwa taadhima. "Ni dawa nzuri sana kwa mtu mwenye safari ndefu ya basi."

Mgeni akaomba kata ya pili, kisha akaenda kuleta dumu lake.