Kaka Kenda Baharini

Wifi yangu alipotoka hospitali ya mjini na picha yake ya altrasaundi, habari ilifika Uroa kabla ya daladala. Baibui hajavua, ukumbini tayari wamo mama, shangazi na jirani wa nyumba ya pili, kila mmoja na dawa yake mkononi. Kaka yangu, mwenye mke, hakuwepo. Kenda baharini.

Dalili tulizijua sote, maana nyumba zetu hazina siri. Hedhi inapotea miezi miwili, mitatu, kisha inakuja kwa hasira. Vinyweleo vya kidevuni anavitoa kwa uzi akijifungia chumbani. Na ule weusi wa shingoni, ambao mama aliusugua kwa liwa na dodoki akidhani ni nongo, kumbe nao ni dalili. Daktari aliita hali hiyo PCOS. Alimwambia vivimbe vinavyoonekana kwenye picha si vya kukatwa: ni vijiyai vilivyoanza kukua vikasita njiani. Kwa wengi, mwili hausikii insulini vizuri, kongosho linazidi kuimwaga, na ikijaa damuni ovari nazo zinatengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria hali hii inawapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kwamba wanayo.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na jini mahaba, kampima?"

Ukweli ni kwamba madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba wenye hali hii mwaka 1935. Kama ni jini, basi ana pasi ya kusafiria. Lakini hayo humwambii shangazi. Sahani ya kombe ililetwa, maandishi ya zafarani yakaoshwa, wifi akanywa kwa adabu. Ikafuata habasoda na asali.

Jirani yeye alikuja na mwani. Hapa Uroa mwani ni wa kuuza. Wanawake wanaulima kwenye kamba na vigingi, unakaushwa, unasafirishwa nje. Sasa wapo wanaotengeneza sabuni na juisi, na jirani kasikia huko kwamba unatengeneza homoni. Akachemsha sufuria nzima jikoni kwetu, akaenda kuswali, akapitia na maziko. Mwani ukichemka unatoa ute, na ute ukipoa unaganda. Mama kukuta sufuria limejaa kitu kinachotikisika, akakimwaga kwenye sinki. Kilikwenda mpaka kwenye kona ya bomba, kikakaa hapo kama mwenye hati ya nyumba. Tuliosha vyombo uani mpaka fundi alipopatikana.

Lakini aliyetutesa hasa ni uwatu wa mama. Alinunua Darajani, akauroweka na maji ya mchunga katika jagi la plastiki, akaliweka kwenye friji mlangoni, mahali pa juisi ya ukwaju. Kaka alirudi na kiu, giza, umeme hakuna, akanywa bilauri mbili kabla ya ulimi kumwambia. Kesho yake jasho lote lilinuka uwatu. Na uwatu kwetu ni wa mzazi, ili maziwa yatoke. Wenziwe chomboni wakamuuliza kajifungua lini, na mtoto ni mume au mke.

Tulicheka hadi siku ya mzee. Mzee wetu ana sukari, anameza glibenklamidi asubuhi. Aliposikia jagi lile "linateremsha sukari", akaona apate mbele, akanywa, na chakula cha mchana akakiacha kwa sababu bao lilikuwa limenoga. Barazani mkono ukaanza kumtetemeka. Jasho likamtoka pwani kunavuma upepo. Kisha akaanza kutia kete zake kwenye mashimo ya mpinzani, na mpinzani, asiye na haya, akawa anashukuru. Wifi ndiye aliyepita na ndoo akamtazama uso. Alitupa ndoo, akakoroga sukari bilauri nzima, akamnywesha: "Baba, meza. Baba, meza tena." Muuguzi alituambia baadaye kwamba uwatu unashusha sukari kweli, ukikutana na kidonge kile na tumbo tupu, mtu anaweza kuanguka asiinuke.

Jagi likatolewa siku ile ile, na hapo ndipo mgonjwa wetu alipopata nafasi ya kujitibu. Daktari hakumkataza muhogo, na Uroa ukimkataza mtu muhogo umemfukuza kijiji. Alimwambia apunguze nusu, aanze na samaki na mboga, sukari ya chai aiache. Chapati za asubuhi zikawa za Ijumaa tu. Siku nyingine mkate wa mofa wa mtama, kunde, dagaa, mchicha. Mtu mnene akipungua hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, hedhi yaweza kurudi, na kwake ilirudi: kwanza kwa kusuasua, sasa karibu kila mwezi. Mama alinung'unika kuhusu chai hadi alipomwona wifi anapanda ngazi za msikiti bila kusimama.

Chai ya nanaa imebaki, kwa kuwa utafiti mdogo wa Uturuki uliona inashusha kidogo homoni za kiume, na kwa kuwa ni tamu. Dawa ya daktari, metformini, nayo ipo. Shangazi aliiita kemikali za wazungu, mpaka wifi akamweleza kwamba asili yake ni mmea wa Ulaya, galega, waliokuwa wakiutumia waganga wa huko. Tangu hapo anamkumbusha kumeza "majani yake".

Kilichobaki ni mtoto. Daktari kasema kipo kidonge cha kupevusha yai, letrozoli, lakini kwanza mume apimwe. Bamvua, kaka yuko baharini. Maji mafu, anasuka madema. Upepo wa kusi, analinda chombo. Mwanamke kanywa kombe, habasoda na uwatu, kapunguza chapati, kachomwa sindano za damu, na mwanamume hajatoa hata tone. Kupima mbegu hakuna kisu wala sindano. Ni kikopo na chumba chenye komeo. Mabwana wa Uroa, Marumbi, Pongwe na Chwaka mnaosoma haya: safari ijayo ya hospitali, pandeni daladala na wake zenu.