Sifa za Nyuki Seremala wa Munigi

Ndugu zangu wa Munigi, na ninyi wa Goma mjini mnaopanda kwetu kutafuta parseli ya bei nafuu, nipeni nafasi nimsemee asiye na msemaji. Lucian, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2, alimtungia nzi sifa ndefu, na nzi hajawahi kujenga hata kibanda. Basi mimi sioni haya kumsifu nyuki seremala, yule mweusi mnene anayevuma kwenye paa kila jua linapowaka, na kutumwagia unga wa mbao kwenye sufuria ya sombe. Mnamwita mharibifu. Mimi namwita mkazi mwema kuliko wote wa kartie hii, na nitawapa ushahidi.

Tuanze na asili yake, maana mtu wa heshima hutajwa na ukoo wake. Wataalamu wanaiita jamii yao Xylocopa, na ina spishi zaidi ya 400 duniani. Kabla hatujapigilia ubao wa kwanza hapa, wazazi wake walikuwa wakikaa kwenye matawi makavu na magogo yaliyokufa. Hakutufuata. Sisi ndio tuliokata miti yake, tukaipasua mbao, tukaisimamisha juani na kuiita nyumba. Yeye alirudi tu kwenye mti wake, akaukuta una mlango na kufuli.

Na kwa nini nyumba zetu ni za mbao? Jibu liko chini ya miguu yetu. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977. Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ikapasuka hadi huku kwetu, na lava ikateremka katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukarudi tena, na lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Kuchimba msingi kwenye jiwe la lava ni kazi ya mwenye fedha. Sisi wengine tunapanga mawe meusi, tunasimamisha miti, tunapigilia mbao za mikaratusi, tunaezeka mabati. Nyumba ya mbao inasimama upesi, na ikibidi kuhama, inabomolewa na kupakiwa kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao. Sasa wahesabuni wote ambao wamewahi kuzidai nyumba hizi: mlima umezidai nzima nzima, mchwa wanazidai kuanzia chini, mvua kuanzia juu, na mwenye parseli kila mwisho wa mwezi. Nyuki seremala anadai tundu la unene wa kidole. Dai dogo kama hilo mmelisikia kwa nani mwingine?

Mtazameni sasa kazini. Fundi wetu wa mbao anaomba avansi, anakwenda kununua misumari, na mnaonana tena wiki nyingine akiwa na habari za msiba. Nyuki jike haombi avansi. Hana kipimo, hana msumeno, hana msaidizi. Ana taya mbili tu. Anatoboa tundu la duara kamili, anaingia ndani kiasi kidogo, kisha anakata kona na kufuata mkondo wa nyuzi za mbao, kama anavyofanya fundi yeyote mwenye akili. Na wale wanaonung'unika kwamba “anakula nyumba” wanamsingizia. Mbao hali hata chembe. Unga mwingi anautema nje, na sehemu nyingine anaitafuna tena ili ajenge kuta za ndani. Chakula chake ni chavua na maji matamu ya maua, navyo anavitafuta mbali na jiko lenu.

Halafu malezi. Mama huyu hatagi ovyo. Anafinyanga mkate wa chavua, anaweka juu yake yai moja, tena yai kubwa sana, miongoni mwa makubwa kuliko yote katika ulimwengu wa wadudu. Anafunga chumba kwa ukuta wa unga wa mbao, kisha anaanza chumba kingine. Kila mtoto anazaliwa akiwa na chumba chake na chakula cha kutosha mpaka atakapokuwa mtu mzima. Nani kati yetu, tunaolaza watoto wanne kwenye godoro moja, anaweza kusimama mbele yake na kumfundisha uzazi wa mpango?

Ukarimu nao upo. Katika spishi kadhaa za Afrika, jike ana kijumba maalumu mwilini, mwanzoni mwa tumbo lake, ambamo utitiri wadogo wanaishi na kusafiri naye popote aendapo. Wapangaji hao hawatoi garanti ya miezi mitatu wala sita. Wenye parseli wanaosoma hapa, someni polepole.

Mnamwogopa dume, najua. Anasimama hewani mbele ya uso wako, anakutazama, anavuma, anakufuata mpaka kwenye choo. Ni kama kijana wa barieri ya barabarani asiye na bunduki: sauti ni kubwa, lakini mkononi hamna kitu. Dume hana mwiba kabisa. Katika spishi nyingi za huku utamtambua kwa manyoya yake ya manjano, wakati jike ni mweusi. Jike ana mwiba, ila mpaka umshike ndipo akuonyeshe. Na huyo dume, tofauti na barieri tunazozijua, ukishapita hakuombi kitu.

Sifa yake kubwa kuliko zote ni ukaguzi. Mwenye nyumba anakwambia: “Nyumba yangu imepakwa rangi pande zote.” Nyuki hapokei maneno. Anauzunguka ukuta wa mbele uliong'arishwa kwa ajili ya wapangaji, anakwenda nyuma, kwenye mbao kavu ambazo hazijaona brashi tangu zitoke msumenoni, na hapo anaweka muhuri wake wa duara. Ubao laini, mkavu, usiopakwa kitu ndio anaoupenda. Chini ya tundu anaacha unga, na ukutani michirizi ya manjano ya kinyesi, ili hata mkaguzi mvivu asipitwe. Serikali ngapi zimewahi kutuma mhandisi Munigi atazame nyuma ya nyumba, bure?

Nanyi mmemlipa nini? Vita. Mmemvizia na ndala mkononi, mkaangusha taa. Mmemfukiza kwa makaa, mkakohoa ninyi. Mmempulizia dawa ya wadudu mpaka kuku wakalewa. Mmeziba tundu kwa udongo naye akiwa ndani, akatoboa lingine pembeni, na ubao uliokuwa na tundu moja sasa una mawili. Mmemwaga mafuta machafu ya injini, na hapo kidogo mlikaribia akili, maana angalau mlianza kuupaka ubao kitu. Miaka yote hiyo ya vita, bei ya kopo la rangi ingekuwa imeshalipika.

Najua kuna atakayesema: maneno matamu, lakini mhimili wangu una matundu kumi. Nakubali. Watoto wake hupenda kurudi nyumba ya mama, wanaiongeza urefu kizazi baada ya kizazi, na mti uliotobolewa miaka mingi unaweza kudhoofika. Lakini kabla ya kumhukumu, nenda kwanza kwenye bustani. Ua la nyanya linaficha chavua ndani ya vijifuko. Nyuki wa asali hajui kuvifungua vijifuko hivyo. Seremala wetu analikumbatia ua, anatikisa misuli ya kifua mabawa yakiwa yametulia, na chavua inaruka nje. Ule mvumo unaokukera mlangoni, au ndugu yake wa karibu, ndio unaonenepesha nyanya. Kwenye marakuja ndiyo kabisa. Ua lake ni pana, na chavua inaning'inia juu. Nyuki mdogo anapita chini yake, anakunywa na kwenda zake bila kugusa kitu, lakini huyu mnene anaisugua yote kwa mgongo. Huko Brazili, ambako marakuja ya manjano hayazai bila chavua ya mmea mwingine, mashamba yanayokosa nyuki hawa hulazimika kulipa watu wapake chavua kwa mkono, ua kwa ua. Wapo walioona ni nafuu kumwekea magogo akae. Sisi tunaye bure, na tunamfukuza kwa ndala.

Basi hukumu yangu ni hii. Kama mnataka ahame, msipigane naye, mnyimeni sababu. Pakeni mbao rangi au vanishi, mbele na nyuma, na ncha za miti chini ya paa. Matundu ya zamani yazibeni yakiwa matupu, watoto wakisharuka, kwa kijiti cha mbao na gundi, kisha pakeni juu. Karibu na marakuja wekeni gogo kavu la mti laini, lisiloguswa na maji. Atahamia huko bila barua ya mwanasheria, bila kudai garanti yake, na bila kuwasema vibaya kwa majirani. Mpangaji wa namna hiyo hamtampata tena kuanzia hapa mpaka Sake. Na yule atakayeona rangi ni ghali aendelee kuishi naye, lakini asimwite mwizi: akitoka asubuhi amsalimie, kwa kuwa ndiye pekee aliyewahi kuikagua nyumba yake na kumwambia ukweli.