Mboga Imemkosea Nani?

Sijui ni nani aliyepitisha sheria kwamba mboga lazima ipikwe mpaka ikiri. Kuanzia Mwingi hadi Mtito Andei, nyama ikiingia jikoni hupokelewa kwa heshima zake zote. Huulizwa kama itachomwa au itatiwa mchuzi, hutafutiwa tangawizi na kitunguu saumu, hutengewa makaa, na mwanamume mzima mwenye tai huacha shughuli zake akasimama kando na kisu kuhakikisha haiungui. Mboga hutumbukizwa sufuriani, ikafunikwa, ikaachwa na Mungu wake. Ikija mezani imelegea, imenywea, na ina rangi ya maji ya Mto Tiva siku ya kwanza ya mvua. Halafu watoto wakiikataa tunasema hawana adabu.

Malalamiko haya ningeyameza kama nilivyomeza mengine, ila nilipimwa presha. Dada aliyenipima alitikisa kichwa, akaandika kitabuni, akaniambia nipunguze nyama, nipunguze chumvi, niongeze mboga. "Mboga nyingi, mzee." Ni rahisi kwake kusema. Yeye hubeba chakula chake kutoka nyumbani. Mimi mchana ni mtu wa hoteli, na sukuma ya hoteli naijua tabia.

Kwanza hukatwa alfajiri, nyembamba kabisa, kwa ufundi ambao ungetumika kushona nguo tungekuwa matajiri. Ikishakatwa ndipo huoshwa, tena kwa kukamuliwa, na yale maji ya kijani yanayomwagwa mtaroni ndiyo yaliyokuwa na ladha. Kitunguu hutiwa kwenye mafuta ambayo hayajapata moto, kikachemka badala ya kukaangika. Nyanya zinafuata kabla kitunguu hakijajua kinachoendelea. Sukuma inaingia yote kwa mkupuo, rundo limepita ukingo wa sufuria, kikombe cha maji juu yake "isishike", kisha mfuniko.

Huo mfuniko ndio ninaogombana nao zaidi. Majani mabichi yana asidi yake. Yakipata moto, asidi hiyo hutoka na mvuke ikaenda zake hewani. Ukifunika, inarudi chini na kuyashambulia majani yale yale. Kijani cha jani hushikiliwa na magnesi, na asidi huing'oa magnesi hiyo. Ndipo rangi inapogeuka ya kahawia. Haya nilimweleza mpishi mmoja pale mjini Wote, kwa upole, nikiwa nimeshalipa. Aliniangalia kwa muda. "Mzee, wewe umekuja kula ama umekuja kusomesha?"

Kuna wanaokumbuka kwamba mboga ilikuwa ya kijani, na hao ndio hatari zaidi, kwa sababu hukimbilia magadi. Kijani kinarudi, tena kikali, kinachong'aa hata taa zikipotea. Lakini magadi hulainisha kuta za jani mpaka kijiko hakina cha kushika, huacha ladha ya sabuni nyuma ya ulimi, na huharibu vitamini C tuliyokuwa tumeifuata. Kwenye maharagwe makavu, kuni zikiwa haba, naelewa. Kwenye jani changa lililochumwa asubuhi, magadi ya nini?

Na hapa ndipo ninapoingia katika eneo lenye mabomu, kwa maana mama mkwe wangu hupika kunde kwa magadi.

Nimheshimu kwanza. Muthokoi wake, mahindi yaliyotwangwa na kutolewa maganda, yakapikwa na mbaazi jioni nzima, sijaona mshindani wake Kitui wala Makueni. Lakini kunde zake! Kunde ni mboga yetu. Ni mmea wa Afrika, unavumilia ukame, na watafiti wa Katumani kule Machakos wametupa aina kama M66 na K80 ambazo unachuma majani na bado unavuna mbegu. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikishuka, na hizo ndizo tunazozitegemea huku kuliko zile za Machi, kabla watu hawajamaliza kupalilia, kunde zimeshachanua majani laini ambayo yangetosheka na dakika chache tu za moto. Kule kwa mama mkwe majani hayo huingia sufuriani saa kumi na kutoka saa moja usiku.

Nami siwezi kusema neno. Kwa mila za Kikamba kuna nthoni, ile haya kati ya mkwe na mama mkwe. Hata kutazamana usoni ni shida, sembuse kujadili magadi. Kwa hiyo hula, hushukuru kupitia kwa mtu wa tatu, na nikiulizwa kupitia kwa mtu wa tatu kama niongezwe, hukubali.

Kinachonishangaza ni kwamba kukoleza chakula tunakujua. Simama Emali au Kibwezi uangalie watu wanavyokula embe. Embe lenyewe limeiva, tamu, halihitaji msaada wa mtu, lakini litapasuliwa, litapakwa chumvi na pilipili ya unga mpaka macho yatoe machozi. Mahindi ya kuchoma yanapanguswa kwa ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili, na mchomaji akisahau ndimu anarudishiwa gunzi lake. Mbuzi hapelekwi mezani bila kachumbari. Kwa hiyo ulimi wa Mkamba unajua kabisa kwamba ukali wa ndimu huamsha chakula. Mtu huyo huyo akifika nyumbani, sukuma yake haipati hata tone.

Ndimu tunazo! Makueni ni kaunti ya maembe na machungwa. Kule Kalamba kuna hata kiwanda cha kaunti cha kusindika maembe. Ukwaju unamea wenyewe kando ya mito ya msimu, na bibi zetu waliutia kwenye uji. Wakati wa msimu maembe mabichi yanaangushwa na upepo yakaliwa na mbuzi. Mbuzi anakula kiungo, mimi nakula sukuma tupu. Embe bichi likikunwa juu ya kabichi iliyokaangwa, kabichi hiyo hiyo ya lori kutoka Kinangop tunayoichemsha mpaka nyumba nzima inanuka salfa, unaweza kumsamehe hata aliyekuuzia. Na lile onyo la chumvi nililopewa, ndimu ndiyo dawa yake: uchachu hufanya chumvi kidogo ionekane nyingi mdomoni.

Badala yake tumekabidhi kazi yote kwa unga wa mchuzi. Kila jikoni kuna pakiti. Sukuma inanyunyiziwa, ndengu zinanyunyiziwa, kabichi, maharagwe, hata mayai, mpaka ukifumba macho hujui unakula nini. Tulilima ndengu kwa bidii, Gavana Charity Ngilu alipokuwa Kitui alizipigia debe mpaka zikawa kama siasa, na baada ya jasho lote hilo tunazizika chini ya unga ule ule. Nimesoma maandishi ya nyuma ya pakiti kwa miwani: chumvi, wanga, viungo, na ile glutamati ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 akichunguza utamu wa supu ya mwani. Sina ugomvi na Ikeda. Ila nyanya iliyoiva ina glutamati yake yenyewe, bure, ukiwa na subira ya kuipika mpaka mafuta yajitenge. Subira ndiyo haiuzwi dukani.

Mtu akiniambia kwamba mboga haiwezi kuwa chakula cha mwanamume, humpeleka Makindu. Pale kando ya barabara ya Mombasa kuna gurdwara ya Masikh iliyojengwa mwaka 1926. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896 hadi ikafika Nairobi 1899, Masikh walikuwa miongoni mwa mafundi wake, na Makindu ikabaki kuwa kituo chao. Mpaka leo wanalisha wasafiri kwa desturi yao ya langar, jiko la watu wote. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unaketi. Huulizwi dini, huulizwi kabila, na shilingi unatoa ukitaka. Wala nyama hakuna.

Nimewaona pale madereva wa malori, watu ambao wakiambiwa hotelini kwamba mbuzi amekwisha hurudi garini kwa hasira, wameketi kwa unyenyekevu wakifuta sahani kwa kipande cha chapati. Dengu, viazi na koliflawa. Mwenzangu mmoja wa Kitui, mtu asiyegusa kitu cha kijani isipokuwa kwenye noti, aliongezwa, akaongezwa tena, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama wametia supu ya mifupa.

Hawakutia mifupa. Wanachofanya hakina siri: mafuta hupata moto kwanza, moto wa kweli. Jira nzima inaingia, inapasuka, harufu inapanda. Kitunguu kinakaa mpaka kinapata rangi. Tangawizi, manjano na pilipili vinakaangwa kidogo kabla ya kitu chochote chenye maji, kwa sababu sehemu kubwa ya harufu ya viungo huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Mboga ndiyo inayofika mwisho, kila kitu kimeshatayarishwa, yenyewe mgeni wa heshima. Sisi huanza na mboga kisha tukakumbuka viungo njiani.

Na kinachoniuma zaidi ni cha jirani. Kibwezi, mwendo mfupi tu kutoka hapo, kuna mashamba ya kunyunyizia maji yanayokuza bamia, karela na pilipili za kuuzwa ng'ambo. Bamia ya Makueni hupanda ndege kwenda kupikwa vizuri na watu wasiojua hata Makueni iko upande gani. Mimi niliyezaliwa nayo karibu, hotelini naletewa sukuma.

Mamake watoto alinivumilia kwa muda. Hotuba ya mfuniko aliisikia, ya jira akaisikia, ya Ikeda akaisikia nusu. Jioni moja akaweka mwiko mezani mbele yangu. "Sufuria zile pale. Gesi umejaza wewe mwenyewe. Mimi niko nje na watu wa chama."

Nikaingia. Niliosha majani yakiwa mazima, nikayakung'uta maji, nikayakata mapana. Karai nikaiacha motoni mpaka tone la maji lilipokimbia juu yake. Mafuta, jira, kitunguu, kitunguu saumu mwisho kisije kikaungua kikawa kichungu. Sukuma nikaitia konzi kwa konzi, kwa sababu ukijaza karai moto hupoa na majani yakaanza kujipikia ndani ya maji yao. Sikufunika, ingawa mkono wa mazoea ulinyooka wenyewe kuelekea mfunikoni. Dakika chache, chumvi kidogo, nikaepua, na ndimu nikaikamua ikiwa imeshatoka motoni. Ukiikamua mapema ni ile ile asidi inayokula kijani. Kando yake kulikuwa na malenge niliyoyakata vipande na kuyapanga kwenye kikaango kikavu mpaka yakapata kahawia pande zote, sukari yake ikaungua kidogo, nikayapaka pilipili.

Mtoto wa mwisho aliuliza hiyo ni mboga gani. Mamake alionja, akasema ndimu imezidi, akajipakulia mara ya pili.

Kilichofuata ni dhuluma. Hakuna aliyetangaza, hakuna kikao kilichokaa, lakini tangu siku hiyo jioni ikiingia kila mtu nyumbani ananitazama mimi. Chama kimepata mahali pa kukutania. Sokoni habari zimefika, kwa kuwa mwanamume akichoma mbuzi anaitwa fundi, akikoroga sukuma anaulizwa afya yake. Wazee wenzangu wamekaa chini ya mwembe wakafikia uamuzi kwamba nimepigwa kamuti, uchawi wa Kikamba, tena ile kali ya kutoka mbali, na mmoja amejitolea kunipeleka kwa mtu wa kuitoa. Nimewaalika waje waonje. Wanaogopa kwamba kamuti iko kwenye jira.

Na juzi mama mkwe akaja kutusalimia. Mimi jikoni, yeye sebuleni, mlango umerudishwa kwa ajili ya nthoni. Nilipika kunde zake mwenyewe, alizotuletea kwenye kiondo: dakika chache kwenye maji yanayochemka, nikazichuja, nikazikaanga kwa mafuta, karanga zilizotwangwa na ukwaju kidogo. Bila magadi. Sahani ikapelekwa. Nikatega sikio. Kulikuwa na kimya, kisha sauti ya kijiko, kisha kimya tena, kirefu kuliko cha kwanza. Hatimaye mtoto akaja mbio na ujumbe wa bibi yake.

"Baba, Susu anauliza kama ulikosa pesa ya magadi."

Alikuwa ameshika sahani tupu, na shilingi hamsini.