Kibati Namba 47

Mashine ya kutafutia dhahabu ikiingia kwetu Sola, palizi ya pamba husimama. Binamu yangu aliikodi kwa wachimbaji wadogo kwa hoja moja tu: Mjerumani aliikimbia Mwanza Julai 1916, na anayekimbia habebi vyote. Kwa hoja hiyo hiyo mibuyu mingi ya nchi hii imebaki mizizi nje.

Mashine ikalia, tukachimba: kizibo cha soda. Ikalia tena: nati ya plau. Ikapiga kelele za ajabu, binamu akapiga magoti, kumbe ilikuwa inalilia jembe nililoshika. Hatimaye, chini ya mkwaju, kikatoka kibati cha shaba njano, duara, chenye tundu juu na namba 47.

Habari Sola haihitaji vocha. Mzee mmoja alifika, akatoa salamu ya haraka, "mwangaluka", na kutamka: "Rupia hiyo!" Nyuma yake akatokea dalali na bodaboda kutoka Bariadi, akaagiza sahani ya mchele. Rupia halisi, alisema, huvuta mchele. Tulikodoa macho. Mchele haukutikisika, aliyevutwa ni kuku wa jirani.

Ndipo mwalimu mstaafu akavaa miwani. "Rupia ya fedha ya Mjerumani ina sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Hela zake zina taji. Zilizogongwa Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, vita vikiwa vimezuia meli za kuleta sarafu, zina herufi T. Senti kumi ya Mwingereza ina tundu katikati na pembe za ndovu. Hiki chenu hakina mfalme, hakina nchi, hakina mwaka. Kina namba tu."

"Sasa ni nini?"

"Kibati cha kazi. Wako matajiri wa mashamba waliojigongea vyao. Kibarua akimaliza kazi anapewa, anakwenda kukibadilisha kwa tajiri huyo huyo. Nje ya shamba hakinunui hata chumvi. Wazee wetu wangapi walikwenda manamba kwenye mkonge? Labda mmoja alirudi nacho."

Dalali akauliza nani atamlipia bodaboda. Hakuna aliyesikia.

Binamu alicheka hadi akakaa chini. "Wazee nao! Unavuja jasho mwezi mzima, unapewa bati lenye namba, unaridhika?"

Mama mkubwa, aliyekuwa akiokota mchele wake punje kwa punje, hakuinua hata kichwa. "Baba, na ile karatasi mliyopewa mlipopima pamba msimu uliopita, imeshalipwa?"

Kimya. Stakabadhi ninayo, imekunjwa mfukoni. Ina namba. Haina mfalme.

Jioni niliipeleka dukani nikopeshwe sukari, na kibati nikakiweka kando yake kama dhamana ya ziada. Muuza duka alivigeuza vyote viwili, akanirudishia karatasi.

"Hiki angalau," akasema huku akikipima kibati kiganjani, "mvua ikinyesha hakilowi."

Sukari hakunipa.